Mwalimu Ezra Kiragu Mbugua na Kaseti ya Uthiru

Familia ya marehemu Mzee Mbugua wa Uthiru inawashukuru ninyi nyote mliofika leo, Jumamosi tarehe 8 Agosti 2009, mkakaa nasi tangu asubuhi katika baridi hii, na inaomba ruhusa yenu kusimulia maisha ya mtoto wao wa kwanza, Mwalimu Ezra Kiragu Mbugua, kama yalivyokuwa. Kijitabu mlicho nacho mkononi kimechapishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi siku hizi, na kina picha na tarehe. Haya yanayosomwa sasa ni marefu kuliko yaliyo kijitabuni, kwa sababu marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alimwomba ndugu yake Dan kwamba sehemu moja ya maisha yake isifichwe, na mama yake, Bi. Rahabu Njambi, aliyeketi hapa mbele, alipoulizwa na kamati ya mazishi kama anakubali, alijibu, "Someni. Mkiruka mahali nitajua."

Mwalimu Kiragu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1956 hapa Uthiru, wakati wa hali ya hatari, watu walipokuwa wamekusanywa pamoja na kuzungushiwa handaki. Mama yake alikuwa yaya katika nyumba ya familia ya Kizungu kule Kabete, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alimbeba mgongoni mpaka kazini na kurudi naye jioni. Bi. Rahabu hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, Kiingereza alichokipata alikipata kwa watoto aliowalea, wakiomba maji, wakigombania mwanasesere, wakikataa kulala, naye aliporudi nyumbani alikirudia na mwanawe jikoni, kijiko, sahani, mlango, mvua. Kiragu alipoingia darasa la kwanza mwaka 1963 alisimama akaomba ruhusa ya kwenda nje kwa Kiingereza, na mwalimu alipomuuliza ni nani aliyemfundisha, alisema ni mama, na watoto wengine wakageuka kumtazama kwa wivu.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Uthiru mpaka mwaka 1969, akajiunga na shule ya sekondari ya bweni katika wilaya ya Kiambu, na mwaka 1976 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea ualimu, masomo yake yakiwa Kiingereza na fasihi. Baba yake, Mzee Mbugua, aliyekuwa fundi wa reli, alifariki mwaka 1978, na kuanzia hapo karo na mahitaji yote ya nyumbani yalimwangukia mama, ambaye alijenga vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja cha familia, kimoja baada ya kingine, mpaka ikawa ploti ambayo wengi wenu mmewahi kuishi ndani yake au kumtembelea mtu. Wapangaji waliotoka mbali, wasiojua Kikuyu, aliwasemesha Kiingereza chake bila haya, akawagombeza kwa Kiingereza juu ya maji na taa, nao walimpenda kwa hilo, wakamwita Shosh, yaani nyanya.

Mwalimu Kiragu alihitimu mwaka 1979, na Januari mwaka uliofuata serikali ikampeleka kufundisha katika wilaya ya Bungoma, ambako alikutana na mwalimu wa jiografia, Bi. Namalwa, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985. Wazee waliokuwapo siku hiyo wanakumbuka shangazi mmoja wa upande wetu aliyeuliza kwa sauti, chakula kikiwa mezani, "Sasa hawa watoto watasalimia nyanya zao kwa lugha gani?" na baba yake Namalwa akajibu, "Kwa mkono, mama. Mkono hauna kabila." Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la kweli, na maarusi walilijibu kwa njia yao, wakaamua kwamba nyumbani kwao patazungumzwa Kiingereza.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Janice Njambi, aliyezaliwa mwaka 1988 na kupewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi yetu, na Mbugua, aliyezaliwa mwaka 1991 na kupewa jina la babu yake. Familia ilihamia Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaanza kuishi katika nyumba yake kule mtaa wa Satellite. Watoto hawakujua Kikuyu, hawakujua Kibukusu, lugha ya mama yao, Kiswahili chao kilikuwa cha shuleni, kwa hiyo kila walipoletwa Uthiru siku ya Jumapili ni Kiingereza kilichowaunganisha na nyanya yao, kile alichokiokota Kabete. Yeye na Janice waliitana wajina, wakiketi mlangoni wakichambua maharagwe na kusengenya wapangaji kwa Kiingereza, na wapangaji wakisikia, na wote wakicheka.

Mwaka 2000 Mwalimu aliacha kazi ya serikali, na Januari 2001 akaajiriwa na chuo kimoja cha kibinafsi katikati ya jiji, chuo ambacho familia imeombwa isikitaje jina, kilichokuwa na madarasa kwenye ghorofa ya nne ya jengo lililo kando ya barabara ya Tom Mboya, chini yake kukiwa na maduka ya simu na wachuuzi. Huko alipewa kufundisha somo moja la stashahada kuhusu lugha ya Kiingereza yenyewe, chimbuko lake, kukua kwake na matumizi yake, na somo hilo ndilo lililomjengea jina, wanafunzi wa vyuo vya jirani wakija kusimama nyuma ya darasa ili wamsikilize.

Nusu ya kwanza ya muhula alifundisha historia. Aliwaeleza wanafunzi jinsi Kiingereza kilivyokuwa lugha ya wakulima huko kwao, wakati wakubwa wakizungumza Kifaransa na kukiona Kiingereza kuwa cha watu wa mashambani, jinsi kilivyochukua maneno kutoka kila mahali bila kuomba, na jinsi ambavyo hadi leo Mwingereza wa jimbo moja humcheka wa jimbo jingine kwa anavyotamka mkate. Aliwaambia kwamba hakuna aliyezaliwa na lugha iliyo safi. Nusu ya pili alifundisha makosa. Kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta mtu mtaani kwake, amrekodi kwenye kaseti akizungumza Kiingereza, kisha kaseti ichezwe mbele ya darasa, na darasa litaje makosa moja moja, Mwalimu akiyaandika ubaoni. Zaidi ya yote walitafuta pale mtu aliposhrabu, yaani pale sauti za lugha ya mama zilipoingia ndani ya Kiingereza. Wanafunzi waliyasubiri majuma hayo ya kaseti muhula mzima, kwa sababu walicheka mpaka walinzi wa jengo wakapanda kuuliza kuna nini.

Katika mwaka 2004 alikuwako darasani kijana aitwaye Wambua, mzaliwa wa Machakos, aliyekuwa amepanga chumba Uthiru, kwenye ploti ya Bi. Rahabu. Wambua hakujua kwamba mwenye ploti ndiye mama wa mwalimu wake, kwa sababu Mwalimu hakuwa na desturi ya kutaja Uthiru mjini. Bi. Rahabu alijua. Kijana alipomwomba amrekodi, alimuuliza kaseti itasikilizwa na nani, na alipoambiwa ni Mwalimu Kiragu alimwomba asubiri kidogo, akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa chake cha kwenda kanisani na kuvaa hereni. Wambua alimwambia, "Shosh, hii inashika sauti tu, haioni nguo." Akajibiwa, "Wewe washa."

Alizungumza kwa Kiingereza mpaka upande mmoja wa kaseti ukaisha. Alitaja jina lake, akaeleza kazi yake ya Kabete na majina ya watoto aliowalea, akawalalamikia wapangaji wanaoacha mfereji wazi, akamtaja Wambua mwenyewe miongoni mwao, kisha akasema kwamba kifungua mimba wake ni mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima huko mjini, na kwamba mwalimu wa kwanza wa mwalimu huyo alikuwa yeye. Alimaliza kwa kumwombea dua yule atakayesikiliza. Jioni hiyo alimwambia jirani yake kwamba mwanawe atashtuka akiisikia sauti ya mama yake mjini, na kwamba bila shaka Jumapili atakuja mbio.

Kaseti hiyo ilichezwa Alhamisi tarehe 17 Juni 2004. Mwalimu alimweleza Dan kwamba aliitambua sauti kabla haijasema neno, kwa namna ilivyosafisha koo. Darasa lilianza kucheka kwenye sentensi ya kwanza. Mmoja alisema, "Shosh ameshrabu mpaka kaseti inatoka jasho," na wakacheka zaidi, na ilipofika pale anapomtaja kifungua mimba wake, sauti ikatoka nyuma, "Sasa huyo kijana wake anafundisha Kiingereza gani? Ya ng'ombe?" Hapo darasa zima lilipiga meza. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya redio, kidole chake kikiwa juu ya kitufe cha kuzimia. Alisema baadaye kwamba alikuwa na nafasi ya kutosha kubonyeza, na kwamba alichokiwaza ni kuwa akibonyeza watamuuliza sababu.

Hakubonyeza. Alicheka. Alicheka pamoja nao, akavua miwani, akapangusa macho, akageuka ubaoni na kuyaandika makosa ya mama yake kwa mwandiko wake ule mnaoujua, yakajaa ubao. Msichana mmoja aliyekuwa na huruma aliuliza, "Mwalimu, mtu kama huyo anaweza kusaidiwa aje?" naye akajibu, "Huyo ameshapita. Huyo tunamwacha vile alivyo." Kisha akampa Wambua alama za juu kuliko wote.

Wambua alirudi Uthiru na furaha yake, akampata Bi. Rahabu akianua nguo.

"Shosh, tumekuwa namba moja! Mimi na wewe!"

"Mwalimu alisikiza yote?"

"Yote. Alicheka mpaka akatoa miwani."

"Alicheka wapi?"

"Kila mahali. Lakini sana ni pale kwa kijana yako."

"Akasema nini?"

Wambua anasema hadi leo kwamba aliyasema yaliyofuata kama mzaha, kwa kuwa mama huyo alikuwa mtu wa mizaha. "Alisema wewe umeshapita, Shosh. Eti tukuache vile ulivyo."

Bi. Rahabu alikunja shuka iliyokuwa mkononi, akaiweka juu ya nyingine. "Sawa," akasema. "Basi niacheni."

Jumapili hiyo Mwalimu hakufika Uthiru, wala iliyofuata, wala nyingine kadhaa, akitoa sababu ya mitihani ya kusahihisha. Wapangaji ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba mwenye ploti sasa anawasemesha Kiswahili tu, na asiyemwelewa anaitiwa mwingine wa kumtafsiria. Mchungaji mgeni alipofika kanisani na kumsalimia kwa Kiingereza, alimpa mkono na kunyamaza. Likizo ya Agosti watoto walipelekwa kukaa naye, na waliporudi Satellite Janice alimwambia baba yake kwamba nyanya yake hazungumzi naye, anamjibu kwa Kiswahili cha maneno mawili matatu, kisha anajishughulisha na kazi. Aliuliza, "Baba, nimemkosea nini?" Mwalimu alimwambia hajamkosea, pengine nyanya amechoka. Alisema baadaye kwamba alilijua jibu lote wakati ule ule, na kwamba alimtazama mtoto akijilaumu, akamwacha ajilaumu.

Siku ya Krismasi ya mwaka huo alikwenda Uthiru na familia yake, na akiwa ametangulia langoni na mfuko wa unga na sukari, mkewe na watoto wakiwa bado wanashusha vitu kwenye gari, alikutana na Wambua akitoka.

"Mwalimu! Heri ya Krismasi! Umekuja kwa nani huku kwetu?"

Mwalimu akasema, "Nimekuja kumwona mwenye ploti."

Bi. Rahabu alikuwa mlangoni kwake, mbele yao. Alisikia. Alisogea kando ili kuacha njia, akasema, "Karibu, mgeni."

Ndipo watoto wakaingia langoni wakikimbia na kuita nyanya yao, na Wambua akawatazama, akamtazama Mwalimu, akamtazama mama, akaelewa. Kijana huyo hakuwa na kosa ila la kutojua, na bado alimwendea Bi. Rahabu kabla ya mwaka mpya na kumwomba radhi, akapewa chai. Mwanawe alichukua muda mrefu zaidi.

Kwetu mtu mzima aliyemkosea mzazi haji peke yake, huja na watu, na huja na blanketi la kumfunika mama. Jumamosi tarehe 9 Aprili 2005 Mwalimu alikuja na ndugu yake Dan na mzee mmoja wa kanisa, wakaketi, na Mwalimu akasimama akasema amemkosea mama kwa njia ambayo mama anaifahamu, na anaomba asamehewe. Mzee wa kanisa, ambaye alitaka kuomba kwa ukamilifu, aliuliza, "Kosa lenyewe ni lipi, ili tulitaje mbele za Mungu?" Mwalimu akasema, "Ni mambo ya nyumbani tu." Bi. Rahabu akasema, "Ni mambo ya mjini." Mama alisema amesamehe, akalipokea blanketi, maombi yakafanywa, chai ikanywewa. Desturi ni kwamba mama hulikunjua blanketi na kujifunika hapo hapo mbele ya waliolileta. Yeye aliliweka kando likiwa limekunjwa, na wageni walipoondoka lilikuwa bado hapo. Dan alimwambia kaka yake njiani kwamba ameomba msamaha wa kitu ambacho hakukitaja, na Mwalimu akasema anajua.

Alipofungua muhula aliacha zoezi la kaseti, akidai kwamba wanafunzi wanapoteza muda. Lakini kaseti ya Uthiru ilikuwa imeshanakiliwa, mwalimu mwingine aliichukua akaitumia katika darasa lake, wanafunzi walibeba nakala makwao, na ile sentensi ya mama juu ya kifungua mimba wake ikawa salamu ya chuo, vijana wakisalimiana nayo kwenye ngazi kwa sauti ya kizee, hata wale waliojiunga miaka miwili baadaye bila kujua ilikotoka. Mwalimu aliyeeleza kila muhula jinsi semi zinavyozaliwa na kusambaa kutoka mdomo hadi mdomo alipanda na kushuka ngazi hizo akiisikia moja ikisambaa. Alimwendea mkuu wa chuo aombe ipigwe marufuku, na mkuu akamuuliza sababu, naye akasema inashusha hadhi ya chuo. Mkuu akamwambia, "Ah, Mwalimu, wacha vijana wacheke. Si ni mama tu fulani?"

Miaka mitatu ikapita hivyo. Nyumbani Satellite, Namalwa, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa ukweli, alianza kuwafundisha watoto Kiswahili cha kuongea na nyanya yao, na Janice, akiwa tayari msichana mkubwa, alikuja Uthiru na kujaribu, wakaongea machache, kila mmoja akimsubiri mwenzake kwa adabu, kama watu waliokutana hospitalini.

Septemba 2008 kijana mmoja aliingia darasani kwa kuchelewa, akawasalimia wenzake kwa sentensi ile, wakacheka. Mwalimu aliweka chaki mezani. Aliwaambia kwamba mwanamke aliyeisema ni mama yake mzazi, kwamba yeye ndiye kifungua mimba anayetajwa, na kwamba alipoisikia kwa mara ya kwanza, katika chumba kile kile, alicheka na kuandika makosa yake ubaoni. Aliwaeleza yote mpaka mwisho. Alikuwako msichana aitwaye Fathiya, mwenyeji wa Mombasa, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akainua mkono.

"Mwalimu, mamako ajua kwamba watwambia haya?"

"Hajui."

"Na wale waliocheka siku ile wako wapi?"

"Walishamaliza. Wameenda."

"Basi hapa hamna mwenyewe," Fathiya akasema. "Sisi watwambia ili tukuonee huruma. Nasi twakuonea, lakini yatamfaa nini yeye?"

Mwalimu alimshukuru msichana, akafunga somo mapema. Ni baada ya hapo alipomwambia ndugu yake kwamba jambo hili lazima lisemwe mahali ambapo mama yake yupo, na watu wanaomjua wapo, na kwa lugha ambayo mama hahitaji wa kumtafsiria.

Alikuwa akijiandaa kulifanya mwenyewe kanisani hapa Uthiru. Mwezi wa Novemba alianza kushindwa kumeza, na Januari mwaka huu madaktari waligundua kwamba ana saratani ya umio, njia ya chakula. Alipata matibabu ya mionzi, akalazwa mara kadhaa, na mwezi wa Mei, ilipoonekana kwamba dawa zimebaki za kupunguza maumivu, Bi. Rahabu aliagiza aletwe Uthiru, alazwe katika nyumba yake. Namalwa na watoto walihamia ploti, katika chumba kilichokuwa wazi. Mama alimlisha uji kwa kijiko, akambadilisha, akamsimulia kwa Kikuyu habari za watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, na majirani waliopita dirishani walimsikia akicheka peke yake kwa kuwa mwanawe hakuweza tena kucheka.

Mchana mmoja wa mwezi wa Julai, Janice akiwa ameketi upande mmoja wa kitanda na nyanya yake upande wa pili, Mwalimu alisema kwa sauti iliyobaki kwamba ana ombi. Alimwomba mama yake azungumze na mtoto kwa Kiingereza, kama zamani, kidogo tu, ili asikie.

Bi. Rahabu alisema, "Sitaki kusahihishwa."

"Sitakusahihisha, mama."

"Najua wewe hutanisahihisha," akasema. "Nitajisahihisha mimi. Nikifungua mdomo nasikia watu wakicheka kabla sijasema. Hiyo lugha nilikuwa nayo, Kiragu. Sasa iko na watu ndani yake."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Hakuomba tena. Mama alimfuta mdomo, akamwekea mto sawa, akamwambia kwamba alimsamehe siku ya blanketi na hajarudisha neno, na kwamba kusamehe ni jambo moja na kile alichokiomba ni jingine, asiyachanganye. Haya yameandikwa hapa kwa sababu Janice aliyasikia na akakubali yasomwe.

Mwalimu Ezra Kiragu Mbugua alifariki Jumapili tarehe 2 Agosti 2009 asubuhi, katika nyumba ya mama yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu mmoja, na wanafunzi ambao idadi yao hatuwezi kuitaja. Wengi wao mko hapa. Kuna wengine mlikuwa darasani Alhamisi ile ya mwezi wa Juni, tumewaona mkiingia, na familia haiwalaumu, mlicheka kwa kuwa mwalimu wenu alicheka. Kama kuna aliye na nakala ya kaseti hiyo nyumbani, tunamwomba asiilete, na asiicheze.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia wakati wote wa ugonjwa, majirani wa Satellite walioitunza nyumba yake, wapangaji wa ploti waliozima redio zao bila kuombwa, wazee wa kanisa, na walimu wenzake kutoka mjini waliokuja na basi na kuleta rambirambi zao. Inamshukuru Bi. Fathiya, aliyefika na wenzake. Inamshukuru Bwana Wambua, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiingereza huko Machakos, na ambaye Bi. Rahabu mwenyewe ameomba awe mmoja wa watakaobeba jeneza, akishika upande wa kichwani.

Familia ingependa kusema, kama inavyosemwa kila mara mahali kama hapa, kwamba marehemu ametutoka akiwa na amani. Aliyeketi naye siku zile za mwisho anajua kwamba sivyo, na tumekatazwa kuruka. Aliondoka akiwa amesamehewa, na akiwa na aibu yake, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Amani hiyo uliyoikosa kwetu tunakuombea uipate uendako, wewe Kiragu, mwana wa Rahabu Njambi wa Uthiru.